Les Eyzies, kijiji cha mto na mapango: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Naishi Bordeaux, mwendo wa saa mbili na ushee kwa gari kutoka Les Eyzies. Ndugu na marafiki wakija Ufaransa, wakishachoka na Paris, hunipigia kuuliza kuhusu "kile kijiji cha mapango". Maswali yamekuwa yale yale, kwa hiyo nimeyakusanya hapa na majibu yake. Mengine ni ya historia, mengine ni ya choo kiko wapi. Yote ni ya haki.

Kijiji chenyewe kiko wapi, na jina lake linatamkwaje?

Tamka "Lezezi". Kiko kusini-magharibi mwa Ufaransa, katika jimbo la Dordogne, sehemu ambayo wenyeji huiita Périgord. Mto Beune, ambao ni mdogo kama mfereji, unaingia hapo katika mto Vézère, na Vézère nao huenda kumwaga maji katika mto mkubwa wa Dordogne pale Limeuil.

Kwenye ramani za zamani utakuta jina refu, Les Eyzies-de-Tayac-Sireuil. Tangu Januari 2019 kijiji kiliunganishwa na majirani wake wawili, Manaurie na Saint-Cirq, na jina likafupishwa. Hata baada ya kuunganishwa, wakazi wote ni kama elfu moja tu. Barabara kuu ni moja. Upande mmoja kuna mto, upande wa pili kuna jabali la mawe ya chokaa linaloinama juu ya mapaa, na nyumba kadhaa zimejengwa kwa kuegemea jabali hilo hilo, kiasi kwamba ukuta wa nyuma ni mwamba wenyewe.

Sisi tuna Olduvai na Laetoli. Niende Ufaransa kutazama mawe ya nini?

Swali hili huulizwa kwa utani lakini muulizaji huwa amedhamiria. Kwa umri, hatushindani. Nyayo za Laetoli zina miaka milioni 3.6. Mahali pa kale zaidi panapojulikana hapo Les Eyzies, La Micoque, pana miaka laki nne hivi tu. Anayetafuta mwanzo wa binadamu abaki nyumbani.

Les Eyzies ina kitu kingine, nacho ni wingi. Katika bonde la Vézère, eneo la kama kilomita 40 kwa 30, yamehesabiwa maeneo 147 ya Zama za Mawe na mapango 25 yenye michoro. Mwaka 1979 UNESCO iliorodhesha 15 kati ya maeneo hayo kuwa urithi wa dunia, na mengi ya hayo 15 yako ndani ya kijiji au mwendo wa miguu kutoka hapo. Unatoka kununua mkate, unapita mahali palipochimbuliwa mifupa iliyobadilisha elimu ya binadamu, kisha unarudi kunywa kahawa.

Halafu kuna jambo ambalo hunifanya nicheke kila ninapompeleka mgeni wa kwetu. Ukiingia Makumbusho ya Taifa ya Zama za Mawe, ambayo ndiyo fahari ya kijiji, wa kukupokea si Mfaransa. Unapokewa na nakala ya nyayo za Laetoli, na umbo la yule kijana wa Turkana, ambaye mifupa yake iligunduliwa mwaka 1984 na Kamoya Kimeu, Mkenya, huko Nariokotome. Na nyayo halisi za Laetoli zilifukiwa tena miaka ya 1990 ili zisiharibike, kwa hiyo hata Mtanzania aliyekulia Arusha aghalabu ameona nakala tu. Mjomba wangu alisimama mbele ya zile nyayo kwa muda, akasema, "Kumbe tumekuja kutembelea jamaa."

Watu wa kale waliishi mapangoni kweli?

Hapana, na hili ndilo kosa ambalo karibu kila mgeni huja nalo. Ndani ya pango ni giza, maji yanadondoka, na moshi wa moto hauna pa kutokea. Waliishi chini ya penu za majabali: mahali ambapo maji na baridi vimeula mwamba kwa chini ukabaki umejitokeza juu kama paa. Mvua haikupati, na kama upenu unatazama kusini, jua la majira ya baridi linaingia hadi ndani. Mbele walitundika ngozi. Mto uko hatua chache, gumegume la kutengenezea visu linapatikana hapo hapo, na makundi ya renidia, wale kulungu wa nchi za baridi, yalipita bondeni kila mwaka.

Kumbuka hali ya hewa haikuwa ya leo. Ilikuwa zama za barafu, na pale ambapo sasa kuna miti ya jozi na mashamba ya mahindi palikuwa nyika baridi yenye mamothi (jamaa wa tembo wenye manyoya, ambao wametoweka), farasi mwitu na baisani, yaani nyati mwitu wa Ulaya.

Mapango marefu yaliingiwa kwa shughuli maalumu, pamoja na kuchora. Waliingia na taa za jiwe zenye mafuta ya wanyama, wakafanya walichofanya, wakatoka.

Kama unataka kuona makazi hasa na si michoro, nenda Abri Pataud, katikati ya kijiji. Pataud ni jina la wakulima waliokuwa na shamba hapo. Mmarekani Hallam Movius wa Harvard alipachimba mwaka 1953, kisha mfululizo kuanzia 1958 hadi 1964, akashuka zaidi ya mita tisa kupitia matabaka 14 ya makazi, moto juu ya moto, mifupa juu ya mifupa. Upenu wa jirani familia hiyo ilikuwa ikiutumia kama stoo ya mvinyo. Baadaye watu walipotazama juu vizuri wakakuta mbuzi mwitu amechongwa darini. Mapipa yalikaa chini yake miaka nenda miaka rudi.

Cro-Magnon ni nani?

Ni jina la mahali kabla ya kuwa jina la watu. Katika lugha ya huko, Kioksitani, "cro" ni shimo au uwazi chini ya mwamba, na Magnon ni jina la mwenye ardhi. Kwa hiyo ni kama kusema "Shimo la Bwana Magnon".

Reli ilifika Les Eyzies mwaka 1863. Mwaka huo huo Mfaransa Édouard Lartet na rafiki yake Mwingereza Henry Christy walianza kuchimbua bonde hilo, na mwaka 1864 wakapata, huko La Madeleine, kipande cha pembe ya mamothi kilichochorwa mamothi. Fikiria uzito wake: wakati ule wasomi wengi walikataa kwamba binadamu aliwahi kuishi pamoja na wanyama hao. Hapa mtu amemchora mnyama juu ya jino la mnyama yule yule. Ubishi ulianza kufa siku hiyo.

Miaka minne baadaye, 1868, mafundi waliokuwa wakichimba kifusi karibu na stesheni walikuta mifupa. Louis Lartet, mtoto wa Édouard, aliitwa kuchunguza. Walikuwa watu wasiopungua watano: watu wazima wanne na mtoto mchanga, pamoja na makombe ya baharini kama 300 yaliyotobolewa kwa ajili ya kuvaliwa. Bahari iko mbali na hapo, kwa hiyo makombe yale yalibebwa au yalibadilishwa mkono kwa mkono. Mzee wa kundi lile alikuwa na vishimo usoni vilivyotokana na maradhi, na pingili za shingo zilizoshikana. Mwanamke mmoja alipasuka fuvu na bado akaishi kwa muda baada ya jeraha lile. Yaani walikuwa na wa kuwauguza. Umri wao ni miaka 30,000 hivi.

Walikuwa watu kama sisi, Homo sapiens, ambao wahenga wao walitoka Afrika. Uchunguzi wa DNA ya watu wa kale wa Ulaya Magharibi unaonyesha pia kwamba ngozi nyeupe ilienea huko baadaye sana, maelfu ya miaka baada ya zama za michoro. Jambo hili halimo katika picha za vitabu vya shule nilivyosoma mimi.

Mifupa halisi iko Paris, katika Musée de l'Homme. Mahali pa ugunduzi pako hapo hapo kijijini, karibu na stesheni ya treni, na panatembelewa.

Yule mtu wa jiwe aliyesimama juu ya kijiji ndiye Cro-Magnon?

Siye, ingawa kila mtu humwita hivyo. Ni sanamu ya mchongaji Paul Dardé, imesimama kwenye baraza ya makumbusho tangu 1931, mabega yameinama, kichwa kimezama shingoni. Dardé alimfikiria zaidi Neanderthal, binadamu wa aina nyingine aliyeishi Ulaya kabla ya watu kama sisi, tena Neanderthal kama alivyodhaniwa zamani hizo, nusu nyani. Leo wataalamu wanajua hata Neanderthal hakusimama vile. Lakini piga naye picha tu. Mandhari ya mto kutoka pale juu haina mfano.

Nina nafasi ya kuingia pango moja tu. Lipi?

Font-de-Gaume. Sina wasiwasi na jibu hili.

Sababu ya kwanza: katika Ufaransa hili ndilo pango la mwisho lenye michoro halisi ya rangi nyingi ambalo mtu wa kawaida bado anaruhusiwa kuingia. Mengine ama yamefungwa, ama unaonyeshwa nakala. Hapa unasimama mbele ya rangi yenyewe, udongo mwekundu na manganizi nyeusi, iliyopakwa miaka 17,000 hivi iliyopita.

Sababu ya pili ni michoro. Ni zaidi ya 200, na baisani ndio wengi. Mchoraji alitumia vimo na mabonde ya ukuta: pale mwamba ulipotuna akaweka bega, pale ulipobonyea akaweka tumbo. Mwongozaji husogeza taa polepole na mnyama anaanza kuvuta pumzi. Wapo renidia wawili wanaotazamana, dume jeusi ameinama, jike jekundu amepiga magoti, na dume anamlamba kipaji cha uso. Nimemwona mara kadhaa, na kila mara kundi zima hunyamaza. Ulimi wa dume umechongwa kwa mstari mwembamba, huuoni hadi taa ikae pembeni sawasawa.

Wanakijiji walilijua pango hilo zamani. Watoto walicheza humo na watu walikwaruza majina yao ukutani, mengine juu ya michoro. Hakuna aliyeiona. Aliyeiona ni mwalimu wa shule ya kijiji, Denis Peyrony, tarehe 12 Septemba 1901, siku nne tu baada ya yeye na wenzake Louis Capitan na Henri Breuil kugundua michoro ya pango la Combarelles, kilomita chache kutoka hapo. Wiki moja, mapango mawili. Mwalimu huyu ndiye aliyeshawishi serikali inunue ngome iliyobomoka juu ya kijiji mwaka 1913, na humo yakaanzishwa makumbusho. Ninaposikia watu wakisema mwalimu wa kijijini atafanya nini, huwa namkumbuka.

Combarelles ni kwa mwenye subira. Ni ujia mwembamba wenye michongo zaidi ya 600, karibu yote bila rangi. Mwongozaji asipokuonyesha, unaona mikwaruzo. Akikuonyesha, unaona simba, farasi, renidia anayekunywa maji. Mwenye hofu ya mahali pa kubana asiende.

Ni kweli tiketi za Font-de-Gaume ni ngumu kupata?

Ni kweli. Pumzi na joto la miili huharibu michoro, kwa hiyo wanaoingia kwa siku moja hawafiki hata mia, kwa makundi madogo na mwongozaji. Tiketi hukatwa mtandaoni mapema, na kwa Julai na Agosti "mapema" maana yake ni wiki nyingi. Kwa kawaida Jumamosi hufungwa.

Yule mjomba wangu wa nyayo za Laetoli nilimpeleka mara ya kwanza bila kukata tiketi, nikidhani siku ya katikati ya juma mwezi wa Oktoba hatutakosa. Tulikosa. Alikaa kwenye ngazi za pango, akala embe kavu alilotoka nalo Tanga, akaniuliza kama nyumbani kwangu pia nakaribisha wageni namna hiyo. Kata tiketi.

Kubeba begi kubwa mgongoni na kupiga picha ndani hairuhusiwi.

Kwa nini yule samaki wa mwambani amezungushiwa mashimo?

Unamaanisha Abri du Poisson, upenu mdogo katika korongo la Gorge d'Enfer. Juu darini kuna samoni wa kuchongwa, urefu wake kama mita moja, na kazi yake ni safi kiasi kwamba unaona kuwa ni dume aliyechoka baada ya kuzaliana, taya limejikunja. Aligunduliwa mwaka 1912. Mara tu baada ya hapo ilipangwa auzwe kwa makumbusho ya Berlin, na watu wakaanza kutoboa mwamba kumzunguka ili wambandue mzima. Habari zikafika serikalini, kazi ikasimamishwa, upenu ukalindwa kisheria. Mashimo yamebaki, mstari mzima, kama fremu.

Haikuwa biashara ya ajabu kwa zama zile. Mfanyabiashara Mswisi Otto Hauser alichimba sehemu nyingi za bonde hili, akapata mifupa ya Neanderthal huko Le Moustier mwaka 1908, na ikaenda Berlin. Vita vilipoanza 1914 akakimbia. Sisi ambao vitu vyetu vimejaa katika makumbusho ya watu, kuna utamu fulani kumsikia Mfaransa akilalamika kwamba vyake vilichukuliwa na Mjerumani.

Upenu huu hufunguliwa kwa miadi tu.

Na Lascaux je? Si ndiyo maarufu zaidi?

Lascaux iko Montignac, kilomita 25 hivi kupanda mto. Iligunduliwa Septemba 1940, ikafungwa 1963 kwa sababu pumzi za wageni zilianza kuotesha ukungu na mwani ukutani. Utakachoona ni nakala: ya mwaka 1983, na ile kubwa iliyofunguliwa Desemba 2016. Nakala ile ya karibuni ni kazi nzuri na watoto huipenda. Ila mtu aliyeanza na Font-de-Gaume huwa anaitazama kama picha ya harusi ambayo hakualikwa.

Makumbusho yanachukua muda gani?

Saa mbili, au nusu siku kwa mpenda mawe. Jengo jipya la msanifu Jean-Pierre Buffi lilifunguliwa 2004, chini ya jabali, na vitu vinavyoonyeshwa ni kama 18,000. Humo utafahamu kwa nini vijiji vidogo vya bonde hili vimetoa majina yanayotumika duniani kote: zana za Le Moustier zikaitwa za Kimousteri, za La Madeleine zikaitwa za Kimagdaleni. Jumapili ya kwanza ya mwezi kiingilio ni bure. Jumanne hufungwa, isipokuwa Julai na Agosti.

Hatua chache kutoka hapo kuna Pôle d'interprétation de la Préhistoire, kituo cha maelezo kilichofunguliwa 2010. Kuingia ni bure siku zote. Mimi huanzia hapo na wageni wasiojua lolote, na pia kwa sababu vyoo vyake ni visafi.

Nafikaje, hasa kama sina gari?

Kijiji kina stesheni yake ya treni, jambo la bahati kwa kijiji cha ukubwa huu. Iko kwenye njia ya Périgueux kwenda Agen, na kutoka Périgueux ni nusu saa na zaidi kidogo. Kutoka Bordeaux panda hadi Périgueux, badili. Kutoka Paris unaweza kupitia Bordeaux au Limoges, lakini hesabu karibu siku nzima kwa kila upande. Treni za kwenda Les Eyzies ni chache kwa siku, kwa hiyo angalia ya kurudi kabla hujashuka ya kwenda.

Kutoka stesheni hadi katikati ya kijiji ni dakika kumi kwa miguu. Font-de-Gaume ni kilomita moja kutoka hapo kwa barabara ya Sarlat, Combarelles ni mbele kidogo barabara hiyo hiyo. Upande wa pili, barabara ya Périgueux, kuna penu za Laugerie-Haute na Laugerie-Basse, na pango la mawe ya matone la Grand Roc, kama kilomita mbili. Yote hayo unatembea. Kwa Lascaux, na kwa Rouffignac na Roque Saint-Christophe ambazo nazieleza hapo chini, unahitaji gari, au baiskeli na mapafu mazuri.

Wenye pasipoti za Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo wanahitaji viza ya Schengen. Iombe mapema kuliko unavyodhani.

Nitalala wapi, na nitakula nini?

Hoteli zipo kadhaa, za bei ya kati na mbili tatu za bei ya juu, na kuna kambi za mahema kando ya mto ambazo zina pia vibanda vya kukodi. Familia ya watu watano hulipa kidogo zaidi ikikodi nyumba ndogo vijiji vya jirani na kujipikia.

Chakula cha huko ni bata. Bata aliyepikwa polepole katika mafuta yake, maini ya bata, firigisi za bata juu ya saladi. Muislamu au asiyekula nyama awe macho: viazi vya Sarlat, ambavyo huonekana havina hatia, hukaangwa kwa mafuta ya bata au bukini, na mchuzi mwingi hutiwa mvinyo. Usitegemee bucha ya halali katika kijiji cha watu elfu moja. Nunua Bordeaux ukiwa njiani. Vinginevyo kuna samaki wa mtoni, chakula cha mayai na uyoga wa porini, saladi ya jibini ya mbuzi na jozi. Keki ya jozi nayo, ukiipata na chai ya tangawizi uliyojibebea, utasahau kwamba hakuna maandazi.

Soko la kijijini ni Jumatatu asubuhi katika miezi ya joto. Le Bugue, kilomita kumi hivi, soko ni Jumanne. Sarlat, kilomita 20, ni Jumatano na Jumamosi, na hilo ndilo kubwa.

Huduma za kawaida zipo? Dawa, benki, daktari?

Ofisi ya utalii, posta, duka la dawa, mkate na mashine ya kutolea pesa vipo kijijini. Kwa manunuzi makubwa watu hushuka Le Bugue. Hospitali iko Sarlat, nyingine kubwa zaidi Périgueux. Namba ya dharura ya kitabibu ni 15, au 112. Maduka hufungwa mchana, kuanzia saa sita na nusu hadi saa nane au tisa, na hakuna kubisha hodi kutakakosaidia.

Nina mama mzee na watoto wadogo. Wataweza?

Kwa wote wawili, nenda Rouffignac, kilomita kama 17 kutoka kijijini. Pango lile lina vichochoro vya kilomita nane, na unaingizwa kwa kitreni cha umeme, umekaa. Wamo mamothi zaidi ya 150, wengine wamechorwa darini. Sakafuni kuna mashimo waliyochimba dubu wa mapangoni walipolala majira ya baridi, na kuta zina alama za kucha zao. Watoto husahau mamothi, wanataka dubu. Hufungwa majira ya baridi.

Font-de-Gaume ina njia ya kupanda kabla ya mlango. Mama mwenye magoti mabovu atalalamika, lakini taratibu atafika. Watoto wachukue muda Abri Pataud. Roque Saint-Christophe, jabali la urefu wa kilomita moja ambalo watu wamekaa tangu Neanderthal hadi zama za ngome, ni zuri kwa vijana ila lina ngazi nyingi.

Joto ndani ya mapango ni nyuzi 12 au 13 mwaka mzima. Nje Agosti inaweza kuwa 38. Mama yangu alivaa kanga mbili juu ya sweta na hakujuta.

Mto unaingilika?

Majira ya joto watu hukodi mitumbwi ya plastiki. Njia ninayoipenda ni kushuka kutoka Saint-Léon-sur-Vézère: kampuni inakupeleka juu kwa gari, unapiga kasia siku nzima taratibu, unapita chini ya Roque Saint-Christophe na La Madeleine, unatokea Les Eyzies. Maji Agosti ni ya magotini sehemu nyingi. Baada ya mvua kubwa ni hadithi tofauti, mto hupanda haraka na mitumbwi haitolewi. Watu huvaa maboya bila aibu. Hata wenyeji huyavaa.

Ukiwa majini ndipo unapoelewa kijiji. Kutoka barabarani unaona jabali na maduka ya zawadi. Kutoka mtoni unaona penu, moja baada ya nyingine, mstari mrefu wenye weusi chini yake, na unajua bila kuambiwa ungechagua upi.

Nikiokota jiwe la gumegume shambani, naweza kulichukua?

Acha. Sheria ya Ufaransa, tangu mwaka 1941, inakataza kuchimbua bila kibali, vifaa vya kutafutia chuma vimewekewa masharti makali, na shamba lina mwenyewe. Isitoshe, kipande kilichotoka mahali pake hakimwambii mtaalamu kitu. Maduka huuza zana zilizochongwa leo na mafundi wa kisasa, na kazi yao ni ya kweli. Mjomba alinunua kisu cha namna hiyo, akakiweka kwenye begi la mkononi, na uwanja wa ndege wakamnyang'anya. Weka kwenye begi la kupakiwa.

Niende mwezi gani?

Mei, Juni au Septemba. Julai na Agosti barabara ile moja hujaa, na kivuli hugombewa. Kuanzia Novemba hadi Machi hoteli nyingi na mikahawa hufunga na kijiji hulala, ingawa makumbusho huwa wazi na ukungu wa asubuhi juu ya Vézère ni kitu cha kuona. Mimi na mjomba tulirudi Mei iliyofuata, tiketi mkononi. Kwenye mlango wa pango alimwonyesha mwongozaji tiketi yake kwanza, kisha yangu, kisha yake tena.